Kilichoiunguza California ni paa

Januari 7, 2025, moto uliposhuka kutoka vilimani na kuiteketeza mitaa ya Pacific Palisades na Altadena, majengo zaidi ya 16,000 yaligeuka jivu na lawama zote zikaangukia upepo. Upepo una kesi yake. Lakini itazame Design for Disaster, filamu ya zamani ya kikosi cha zimamoto cha Los Angeles. Humo mshtakiwa wa kwanza ni paa.

Filamu hiyo ilitengenezwa baada ya moto wa Bel Air wa Novemba 6, 1961. Nyumba 484 ziliteketea, nyingi za wenye fedha zao, zilizoezekwa vigae vyembamba vya mbao. Msomaji wa Pwani anayeyajua makuti hahitaji kuelezwa: cheche inatua, kigae kinashika, upepo unakibandua kikiwaka na kukitupa mtaa wa pili. Richard Nixon, aliyekuwa ameukosa urais mwaka mmoja kabla, alipigwa picha juu ya paa la nyumba aliyopanga, shati na tai, mpira wa maji mkononi. Nyumba hiyo ilipona.

Kinachoudhi ni kwamba jambo hili lilishajulikana. Septemba 17, 1923, moto ulishuka Berkeley na kula majengo karibu 600 kwa alasiri moja, mapaa ya vigae vilevile. Baraza la mji likapitisha sheria ya kutaka mapaa yasiyoshika moto. Wenye biashara ya vigae wakaja juu, wakabana, na sheria ikafutwa kabla haijaanza kutumika. Los Angeles nayo ilisubiri hadi 1989 ndipo ikavipiga marufuku. Miaka miwili baadaye vilima vya Oakland na Berkeley viliwaka tena, watu 25 wakafa.

Kufyeka kuzunguka nyumba hakukuzua kelele kiasi hicho. Sheria ya jimbo ya 1965 ilitaka futi 30, na mwaka 2005 zikawa 100. Mkulima wa miti wa Mufindi, mwenye barabara zake za moto, angeielewa mara moja. Kati ya sheria hizo mbili mtafiti wa misitu Jack Cohen akasimamisha kuta za mbao kando ya msitu wa Canada, ukachomwa kusudi. Zilizokuwa mita 10 kutoka msituni baadhi zilishika, za mita 20 hazikushika. Kumbe si joto la msitu wa mbali: nyumba nyingi huuawa na cheche inayoangukia takataka na vichaka vilivyoegemea ukuta.

Ndiyo maana sheria ya 2020 ilitaka futi 5 za kwanza ziachwe tupu. Kanuni zake zilipaswa kuwa tayari Januari 1, 2023. Palisades iliungua bila kuziona.

Mwaka huo wa 2025 Berkeley haikulisubiri jimbo. Ilipitisha sheria yake, na wakazi wa vilimani wakanung'unikia maua yao. Ni mji uleule uliorudi nyuma mwaka 1923.