Nabahani (jina la ukoo)

Nabahani, pia Nabhany, ni jina la ukoo wa pwani ya Kenya lenye asili ya Banu Nabhan wa Oman. Habari za Pate, tarihi ya kisiwa cha Pate, zasimulia kwamba Seleman bin Seleman alifika kisiwani humo mwaka 1203, akamwoa binti wa mtawala wa ukoo wa Wabatawi, akarithi utawala. Wanahistoria kadhaa huusogeza mwaka huo mbele sana. Katika karne ya 19 Sultani Ahmed wa ukoo huo wa Nabahani, maarufu kwa jina la Simba, alihamia Witu, mashariki ya Wema na Garsen, ambako watumwa watoro walipata hifadhi. Waingereza waliuteketeza mji huo mwaka 1890. Mshairi Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), hazina kubwa ya Kiswahili, alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi kuhusu vyombo vya Lamu.