Majengo ya Kale na Ulinzi wa Kisasa: Funzo la Kasubi

Jengo la kale lina maadui wengi: moto, unyevu, mchwa, radi na mikono ya wezi. Wajenzi wa zamani hawakujua waya wa umeme wala kengele ya hatari, na warithi wao wamelazimika kuviingiza vitu hivyo katika kuta zisizoandaliwa kuvipokea. Ugumu wa kazi hiyo, na hasara ya kuichelewesha, vinaonekana katika historia ya watu wa ng'ambo ya Ziwa Victoria.

Mwaka 1882 Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake katika kilima cha Kasubi, Kampala. Huyu ndiye mfalme aliyempokea mmisionari Alexander Mackay mwaka 1878, ambaye baadaye alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Mutesa alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baadaye Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili wakalazwa humo pia. Jumba hilo liliezekwa kwa nyasi juu ya pete 52, kwa idadi ya koo za Buganda. Mwaka 2001 UNESCO iliyaingiza makaburi hayo katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliliteketeza jumba hilo. Nyasi kavu zilizokuwa fahari yake ndizo zilizoulisha moto, na umati wa watu ulisimama ukilia mbele ya majivu. Mwaka huohuo makaburi hayo yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Wajenzi walikabiliwa na swali zito. Paa la bati lingepunguza hatari, lakini jumba lisingekuwa tena lile ambalo koo za Buganda hulitunza kwa zamu na miiko yake. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuziacha nyasi na kuongeza ulinzi. Kwa msaada wa Japani, kupitia UNESCO, vifaa vya kuzimia moto viliwekwa na walinzi wa makaburi wakafundishwa kujikinga na majanga. Japani ilikuwa na uzoefu wake: katika kijiji cha Shirakawa-go, nyumba za nyasi hulindwa na mizinga ya maji iliyosimamishwa nje, bila kuzigusa nyumba zenyewe. Mwezi Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya hatari.

Zanzibar inatoa onyo la namna nyingine. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, lilipata umeme na lifti mapema kuliko majengo mengine ya visiwani. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki. Kifaa kipya hakiwezi kuokoa ukuta uliochoka. Ukuta hutangulia, vifaa hufuata.

Mafundisho hayo yanahusu pia nchi ya Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, penye boma la Wajerumani la mwanzo wa karne ya 20. Majengo ya rika hilo hupoa kwa kuta nene, dari ya juu na madirisha yanayotazamana. Kuyaziba madirisha ili kufunga kiyoyozi huzuia upepo na kukusanya unyevu. Kuipaka saruji kuta iliyojengwa kwa udongo au chokaa hufanya hivyo hivyo: maji yaliyokuwa yakitoka polepole hubaki ndani na kuula ukuta.

Umeme nao una adabu yake. Nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa chache huelemewa zinapobebeshwa vipaza sauti, feni na kinanda. Hivyo hupaswa kubadilishwa, na matundu yake yatobolewe katika maungio ya mawe, si katika mawe yenyewe. Kwa kuwa radi ni nyingi kandokando ya ziwa, waya wa shaba kutoka paani hadi ardhini hauwezi kupuuzwa. Tena nondo za madirishani humzuia mwizi, lakini siku ya moto huwazuia waumini. Basi pawepo mlango wa pili unaofunguka kwa nje.

Mwisho ni vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Kanisa lililoungua huweza kujengwa upya, kama Kasubi ilivyojengwa. Lakini jina la bibi aliyebatizwa zamani, ambalo limeandikwa katika daftari moja tu, likiungua halirudi. Kabati la chuma lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta, pamoja na nakala iliyohifadhiwa katika jengo jingine, ni ulinzi wa gharama ndogo kuliko wote. Usharika unaoweza kuhesabu miaka mia moja huihesabu kwa sababu mtu fulani aliandika, na mwingine akatunza.