Nkejje wa Ziwa Victoria: namna ya kuwatambua na mahali wanapoishi

Katika mwalo wa Ggaba, tarafa ya Makindye jijini Kampala, samaki mdogo anayeenea kiganjani huitwa nkejje. Watanzania humwita furu, na Wajaluo wa Kenya fulu. Kwa Waganda si kitoweo tu: mmoja wa koo za Buganda una jina lake, na nkejje aliyekaushwa kwa moshi hupewa watoto wanaougua surua. Jina ni moja, lakini samaki ni wengi. Ziwa Victoria lilikuwa na takriban aina 500 za siklidi hawa, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Atakaye kuwatofautisha huanza na kinywa. Anayekwangua mwani juu ya mawe ana meno mafupi yaliyosongamana safu kwa safu. Mla konokono amejaliwa taya ya pili kooni, nene, ya kusagia magamba. Mwindaji wa samaki wenzake ana mwili mrefu na mdomo mpana. Majike huatamia mayai mdomoni, na zipo aina zinazoishi kwa kuwapora mayai hayo na vifaranga. Makazi nayo husaidia: wa miambani hapatikani kwa urahisi kwenye mchanga, wala wa mafunjo katikati ya ziwa.

Rangi ndiyo alama ngumu zaidi, kwa kuwa hung'aa kwa madume walio hai na kufifia wakishavuliwa; fungu la sokoni halisemi mengi. Mfano unaojulikana sana unatoka upande wa Tanzania, kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza. Pundamilia pundamilia, mwenye dume la rangi ya buluu, hukaa karibu na uso wa maji. Pundamilia nyererei, aliyepewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Julius Nyerere, ana mgongo mwekundu na huishi chini kidogo, ambako mwanga mwekundu ndio unaofika zaidi.

Jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, rangi hazionekani vizuri, na aina zilizokuwa mbali huanza kuchanganyika hadi tofauti zikapotea. Hakuna anayewavua wala kuwala; hutoweka kwa kuzaana. Jambo hilo linaigusa Makindye moja kwa moja, kwani mfereji wa Nakivubo humwaga maji machafu ya Kampala katika Ghuba ya Murchison, ghuba ileile ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa sangara, yaani mputa, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980, inakadiriwa kuwa aina 200 hivi za nkejje zilitoweka. Baadaye sangara alipovuliwa kwa wingi, baadhi zilirejea, ila si kama zilivyokuwa: Haplochromis pyrrhocephalus wa Mwanza amerudi na matamvua makubwa zaidi na anakula mawindo makubwa kuliko awali. Kwa hiyo maelezo ambayo Humphry Greenwood aliyaandaa akiwa Jinja miaka ya 1950, ambayo bado ni msingi wa kuwatambua nkejje, hayalingani tena na kila samaki anayeingia wavuni.