Mpambe wa mhusika mwovu

Mpambe wa mhusika mwovu ni mhusika wa kubuni anayetekeleza maovu ambayo bwana wake huamuru tu. Shujaa humkabili kwanza yeye, ndipo amfikie mkuu. Mfano mashuhuri ni Oddjob katika Goldfinger, riwaya ya Ian Fleming ya mwaka 1959. Katika filamu ya 1964 aliigizwa na Harold Sakata, mshindi wa medali ya fedha ya kunyanyua vyuma katika Olimpiki ya London ya 1948. Oddjob hasemi, ila kofia yake yenye ukingo wa chuma hukata hata shingo ya sanamu; ukimya huo humfanya atishe kuliko tajiri anayemtumikia. Katika filamu hiyo anakufa kwa umeme ndani ya ghala la dhahabu la Fort Knox.

Wapo pia wapambe wa maneno. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, Kenga ni mshauri na binamu ya Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Mpambe wa aina hii huvutia zaidi, kwa kuwa ana akili ya kujua anachokitenda. Wengine huwageukia mabwana zao: katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, Darth Vader anamtupa shimoni Mfalme anayemtumikia ili kumwokoa mwanawe, Luke.