Samaki Wahamiaji wa Maziwa ya Ankole

Mto Rwizi, upitao katika mji wa Mbarara na kuwanywesha wenyeji wake, haukuwa tangu awali ukielekea huko uelekeako leo. Wataalamu wa ardhi wamethibitisha kwamba zamani za kale, kabla Ziwa Victoria halijawapo, Rwizi, Katonga na Kagera zilikuwa zikishuka magharibi kuliendea bonde kuu la ufa. Kisha ardhi ya upande ule ikainuka polepole, kwa kadiri isiyoonekana na jicho la kizazi chochote, hata maji yakakosa njia, yakasita, yakarudi nyuma, na katika kurudi kwake yakayajaza mabonde. Ndivyo lilivyopatikana Ziwa Victoria lenyewe, na ndivyo yalivyopatikana maziwa madogo ya mashariki ya Mbarara, yaani Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola, ambayo yote ni ya kina kifupi, yote yamezungukwa na mafunjo, na maji yake hupokezana hata yafike Victoria.

Habari hii ya ardhi ndiyo asili ya habari ya samaki. Maadamu maji ni ya ukoo mmoja, samaki wa asili wa Nakivale ni ndugu wa samaki wa Victoria: nkejje wadogo wa rangi nyingi, kambare, na kamongo avutaye hewa kwa mapafu. Sato hakuwamo, makao yake yalikuwa katika maziwa ya Edward, George na Albert, upande wa pili wa ardhi iliyoinuka. Sangara naye alikaa katika Ziwa Albert na katika Nile chini ya maporomoko ya Murchison, ambayo hakuweza kuyapanda. Hivyo maporomoko na miinuko ilikuwa mipaka iliyotenga jamii za samaki kwa maelfu ya miaka.

Watu wa Ankole wa zamani hawakuwa na haraka ya kuuvuka mpaka huo. Wahima, wenye ng'ombe wa pembe ndefu, waliishi kwa maziwa na siagi, na samaki kwao kilikuwa chakula kisichokubalika. Uvuvi ulikuwa shughuli ya wachache, nao walitosheka na walichokipata kandokando ya matete. Tamaa ya kuyajaza maziwa samaki wapya ilitoka kwingine, nayo ilizaliwa na upungufu ulioletwa na mikono ya wanadamu. Mwaka 1905 nyavu za makila zilitiwa kwa mara ya kwanza katika Ziwa Victoria, na ngege, samaki mtamu aliyekuwa fahari ya ziwa lile, akavuliwa pasipo kiasi. Michael Graham, aliyetumwa kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alitoa rai kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Rai yake ikawa sheria kwa muda, kisha miaka ya 1950 sheria ikalegezwa, na ngege akaendelea kupungua. Hapo ndipo serikali, badala ya kumpumzisha samaki aliyechoka, ilipoona afadhali kuleta mwingine.

Insafu yanilazimu kusema kwamba si maofisa wote waliokuwa na pupa. Miaka ya 1940 ilipozuka fikra ya kuleta samaki aina ya kapi kutoka ng'ambo, wengine walihofu kwamba akitoroka katika mabwawa ataharibu maji ya asili, na kituo cha majaribio cha Kajjansi, kilichoanzishwa mwaka 1947 karibu na Kampala, kilikuwa tunda la hofu hiyo njema: mgeni atazamwe kwanza katika bwawa lililofungwa. Mwaka huohuo wa 1947 taasisi ya utafiti wa samaki ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi Jinja. Elimu, basi, ilikuwapo, na hadhari ilikuwa na watu wa kuisemea.

Hadhari yenyewe naifahamu zaidi ninapowatazama wale wafugao samaki wa bahari katika matangi ya kioo majumbani, na hasa wamfugao farasi wa baharini. Kiumbe huyu wa mwambao wetu, ajizongaye kwa mkia katika majani ya bahari, na ambaye dume lake ndilo libebalo mimba, hana meno wala tumbo la kuwekea akiba ya chakula, kwa hiyo hula karibu mchana kutwa. Tena ni mwogeleaji dhaifu. Mfugaji mwenye maarifa hamtupi mgeni tangini. Humweka kwanza katika chombo cha peke yake kwa majuma kadhaa, akichungua kama ana vidonda, vimelea au maradhi, na kama anakula chakula anachopewa. Humzoesha joto na chumvi ya maji mapya kwa kumdondoshea maji hayo kidogo kidogo. Na huchelea kuwachanganya waliotoka bahari mbalimbali, kwa kuwa kila mmoja aweza kubeba vijidudu ambavyo yeye amevizoea na mwenzake hajavizoea. Hayo yote hufanywa kwa ajili ya samaki mmoja na tangi moja, ambalo likiharibika hata mnunuzi mwingine aweza kulijaza upya.

Ziwa halijazwi upya. Pamoja na hayo sato alichukuliwa kutoka maji yake ya magharibi akatiwa Victoria miaka ya 1950, akaenezwa katika maziwa madogo na mabwawa ya nchi nzima, hata Nakivale akawa ndiye samaki ajulikanaye kuliko wote. Kuhusu sangara, ubishi ulikuwa mkali. Geoffrey Fryer, mmoja wa wataalamu waliofanya kazi Jinja, aliandika mwaka 1960 kupinga wazi azma ya kumtia Victoria mla samaki mkubwa wa namna ile, akionya kwamba matokeo yake hayatabiriki wala hayarudishiki. Onyo lilichelewa, kwani sangara alikwisha kuingia ziwani katika miaka ya 1950. Na mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa wengine kwa idhini ya serikali. Miaka ishirini baadaye Victoria lilijaa sangara, viwanda vya minofu vikajengwa, fedha zikaingia, na mamia ya jamii za nkejje zisizopatikana penginepo duniani zikapungua au zikatoweka kabisa. Mimi siidharau riziki iliyopatikana, kwani wako watoto wengi waliosomeshwa kwa minofu hiyo. Ninachokilaumu ni kwamba uamuzi ulikatwa na watu ambao hawakulazimika kuishi kando ya maji waliyoyabadilisha.

Kisa cha Nabugabo, ziwa dogo karibu na Masaka, kinatufaa zaidi sisi tunaotazama Nakivale. Ukingo wa mchanga ulilitenga na Victoria kwa takriban miaka 4,000, na katika utengano huo zikazuka humo jamii za nkejje zisizopatikana kwingine. Miaka ya 1960 sangara akatiwa, na samaki wa asili wakatoweka katika maji ya wazi. Lakini watafiti waliorudi huko baadaye waligundua kwamba wengine wamenusurika ndani ya kinamasi, katikati ya mafunjo na yungiyungi, ambamo hewa iliyomo majini ni haba mno hata sangara hawezi kukaa, ilhali wao huistahimili. Vivyo hivyo ngege, aliyekaribia kwisha katika Victoria, alisalia katika maziwa ya pembeni kama Kanyaboli upande wa Kenya. Mafunjo ambayo mkulima huyaona kizuizi yamekuwa hifadhi bila ya mtu yeyote kuyaamuru.

Wako samaki waliohamishwa na matokeo yakawa mema zaidi. Katika Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya wazi hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vielevyo, Wabelgiji walileta vifaranga kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa wa jamii mbili. Moja haikushika, na nyingine ndiyo hiyo sambaza ivuliwayo usiku kwa taa, juu ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Sambaza amewalisha Wakongo na Wanyarwanda wengi, ingawa hata huko dafinia, kiumbe mdogo wa majini aliyekuwa tele, alitoweka baada ya mgeni kuingia.

Zama zilezile, wakati samaki walipokuwa wakichukuliwa kutoka ziwa hata ziwa, ndipo watu nao walipoanza kufika Nakivale. Ardhi ilitengwa mwaka 1958, na makazi yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, hata leo makazi yale, yaliyomo katika wilaya ya Isingiro iliyokatwa kutoka Mbarara, yana watu zaidi ya laki moja. Wengi wao Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Mkongo aliyelelewa Bukavu anatamani sambaza, Mrundi wa pwani ya Tanganyika anamtaka ndagala, na wote hupewa mukene mkavu wa Victoria, au sato wa ziwa lililo mbele yao. Kambare na kamongo, wenyeji wa asili, wamo pia mezani, lakini sato ndiye aitwaye samaki wa Nakivale, na watoto waliozaliwa hapo hawana sababu ya kumdhani mgeni.

Ziwa lile sasa lategemewa kuliko wakati wowote uliopita, na kingo zake zinalimwa. Familia za wakimbizi hupewa viwanja vya kulima, kwa utaratibu wa Uganda unaostahili sifa, na udongo wenye unyevu karibu na maji ndio uzaao wakati wa kiangazi. Hakuna mwenye njaa awezaye kulaumiwa kwa kuutamani. Lakini mafunjo yakifyekwa, nkejje na vifaranga vya sato vyenyewe hukosa maficho, na tope la mashambani huingia katika maji ambayo tangu hapo ni mafupi. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zimekwisha kuweka ukanda wa kuhifadhiwa kando ya mito na maziwa ya Uganda. Wakuu wa makazi na wa wilaya ya Isingiro wanapogawa viwanja kwa wanaofika, ukanda huo hauna budi kupimwa na kuwekewa alama kwanza, kabla shamba la mtu yeyote halijakatwa, na yule atakayenyimwa udongo wa ukingoni apewe mwingine ulio sawa nao juu mlimani, pamoja na maji ya kuunyweshea.