Nyota za shanga za Krismasi: zinavyotengenezwa Kenol, na bei inayomfaa fundi

Ukitaja shanga Mombasa, watu huwaza kiunoni kabla ya kuwaza mtini. Hapa Kenol, ninakoishi na kufanya kazi hii, ikifika Novemba anayeulizia shanga anataka nyota, malaika au kengele ya kutundika kwenye mti wa Krismasi. Kwa msomaji wa Pwani asiyeujua mji huu, uko kaunti ya Murang'a, ukishaipita Thika, pale barabara ya Nyeri inapoachana na ile ya Murang'a mjini. Jina lake limetokana na kituo cha mafuta.

Shanga zenyewe si za huku. Zilifika bara kupitia kwetu. Magofu ya Shanga kisiwani Pate, alikochimba Mark Horton miaka ya 1980, yalitoa shanga za kombe na za kioo, na karne nyingi baadaye misafara ilibeba shanga za Venice kutoka pwani kwenda kubadilishana na pembe za ndovu. Siku hizi shanga nzuri zinatoka Jamhuri ya Cheki, za bei rahisi zinatoka Uchina, na sisi wa Kenol tunazifuata Nairobi.

Ukubwa huandikwa kwa namba, na namba ikipanda ushanga hupungua. Anayeanza achukue namba 8 au 10. Za Cheki hulingana. Za bei rahisi huja nyingine nene, nyingine nyembamba, na zilizopakwa rangi kwa juu huchujuka. Mimi huzisugua kwanza kwa kitambaa chenye spiriti. Kikishika rangi, sinunui.

Nyota ndiyo rahisi kujifunza. Kata waya wa milimita 0.6, urefu wa sentimita 30. Ikunje ncha moja ili shanga zisimwagike, uache kama sentimita 4 za waya mtupu, kisha tunga shanga 12 za namba 10, ambazo hujaza takriban sentimita 2. Pinda kwa koleo. Tunga 12 nyingine, pinda upande wa pili. Endelea hivyo hadi upate pande kumi, yaani pembe tano za nje, tano za ndani, na shanga 120. Kila konani bakisha waya mtupu kidogo, maana ukipinda juu ya ushanga wenyewe kioo hupasuka. Ncha mbili zikikutana zisokote mara tatu. Moja igeuze kitanzi, nyingine ikate na kuikandamiza isije ikamchoma mtoto. Mwisho pitisha waya mwembamba wa milimita 0.3, wenye shanga zake, kuunganisha zile pembe za ndani. Wengi huruka hatua hii ili kuokoa muda, na nyota zao hulegea kabla ya mwaka mpya.

Mkono uliozoea hutumia kama dakika 45. Nikiuza nyota kwa shilingi 150 na vifaa vimekula 50, nimebakiwa na 100. Abiria wa matatu anayeng'ang'ania 80 amenipa shilingi 30 kwa dakika zile zile 45. Kwa hiyo sishuki, hata tarehe 24 Desemba jioni. Nyota haiozi kama parachichi la jirani yangu wa kibandani. Naifunga kwenye karatasi, naiweka hadi mwakani.

Isitoshe, biashara ya dirishani ina mwisho wake. Barabara ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, imepanuliwa, na dereva aliyeshika mwendo hasimami kwa ajili ya pambo. Naona heri kufanya kazi kwa oda, kama wanavyofanya wanawake wa kaskazini walio chini ya BeadWORKS, mradi wa Northern Rangelands Trust. Oda hutaja idadi, rangi na bei kabla sijagusa waya, nami huomba nusu ya malipo kwanza. Atakaye nyota hamsini aniambie Agosti, si wiki ya Krismasi.

Ninyi wa Pwani mna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni waya. Wa chuma hukaa miaka huku kwenye baridi, lakini hewa ya chumvi ya Likoni au Malindi huula upesi, na kutu hutia doa kwenye shanga nyeupe. Ulizeni waya wa shaba; utafifia rangi, lakini hautalika namna hiyo. La pili ni mti. Huku tunakata saipresi, ambayo tawi lake hushika kitanzi. Mvinje wenu majani yake ni membamba na yanalegea, nyota huteleza ikaanguka. Ifungeni kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, fundo mbili, karibu na shina la tawi.