Zakayo Ng'ambo ya Mto Kagera

Kuna hoja ambayo vijana wasomi wa Karagwe wanaipenda siku hizi: kwamba mahubiri ya udhaifu wa mwanadamu, yale ya "hakuna mkamilifu chini ya jua", yaliletwa na wakoloni ili Mwafrika ainame na asiinuke. Ina mvuto wake, na ukiielekeza kwa baadhi ya wamisionari wa mwanzo utaona ina ukweli pia. Lakini mahubiri yanayosikika Jumapili kule Kiruruma, na katika vilima vyote vya Karagwe na Kyerwa, yana ukoo mwingine kabisa, na ukoo huo haukupendwa na mkoloni hata kidogo.

Mwanzo wa Ukristo mkoani Kagera unafahamika, tuupite mbio. Mapadre Weupe walifungua misheni Kashozi mwaka 1892. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910, wakawakuta Wahaya waliokwisha kuipata Injili Uganda na kuirudisha nyumbani wenyewe. Vita Kuu mbili ziliwaondoa Wajerumani mara mbili, na mwaka 1942 Waswidi wakaja kushika nafasi zao.

Lililo muhimu zaidi lilitokea ng'ambo ya mto. Gahini iko mashariki mwa Rwanda. Kati yake na Karagwe kuna vinamasi, maziwa na Mto Kagera, basi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliikalia sehemu hiyo kwa muda, wakiwa na ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Reli haikujengwa, lakini misheni ya Kianglikana ilipata mlango. Daktari Joe Church alifika Gahini mwaka 1928. Mwaka uliofuata alikutana Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye nafasi yake serikalini, wakasoma Biblia na kuomba pamoja kama ndugu wawili. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini. Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa maombi, watu walianza kusimama mmoja mmoja na kuungama hadharani. Kigozi alifariki Januari 1936, na moto wa uamsho ulikuwa umeshashika.

Waliungama nini? Wizi, uzinzi, uchawi, chuki. Lakini Wazungu nao waliungama: kiburi, hasira, dharau kwa wale waliofanya nao kazi. Hapa ndipo hoja ya vijana wetu inapokwama. Mkoloni gani angebuni mafundisho ya kumtaka amwombe msamaha mpishi wake mbele ya watu? Na kama yalikuwa chombo cha kufundisha utii, mbona mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 walokole, watu wa uamsho huo, akiwamo William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuambiwa wanyamaze?

Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho uliingia upande wetu, na mojawapo ya njia zake ilikuwa chuo cha ualimu cha Katoke, kusini mwa Bukoba. Wachungaji wengi wa Kilutheri hawakufurahi. Walokole walikuwa na ulimi mkali, na wengine wao, tuseme kweli, waliungama dhambi za jirani zaidi kuliko zao. Ila kitu kimoja kiliwanyamazisha wakosoaji: kurudisha. Mtu akiokoka alikwenda kwa aliyemdhulumu akiwa na mbuzi, fedha au jembe aliloiba. Zakayo wa Luka 19 alikuwa mtu wao. Zakayo aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Walokole walianzia kwenye deni. Ukarimu ulikuja baadaye, kwa mikono iliyokwisha kusafishwa.

Wanahistoria wamegombana juu ya watu hawa. Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012, anawatazama kama wakaidi waliowaumbua wazee waliokuwa wakijenga heshima ya kabila; aibu iliyofichwa nyumbani wao waliitoa uwanjani. Ni usomaji wa akili, ila unanukia siasa mno. Ndani yake mtu anayelia kwa ajili ya dhambi yake huwa daima analia kwa sababu nyingine. Birgitta Larsson, aliyeandika mwaka 1991 juu ya wanawake na kanisa katika mkoa huu, anatufaa zaidi, kwa kuwa anauliza wanawake walipata nafasi gani katika kanisa jipya. Lakini wa kwanza kusomwa alipaswa kuwa Josiah Kibira, askofu wa Bukoba aliyeliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu kanisa na ukoo kinaanzia tulipo sisi: mtu wa huku hakuwahi kuwa peke yake, hivyo hata kuokoka kwake kulimtaka apate ndugu wapya.

Mahubiri ya Jumapili huahidi pia pumziko; nalo lilitoka wapi? Kabla ya Jumapili, Karagwe ilihesabu siku kwa mwezi. Speke, msafiri Mwingereza aliyefika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alishuhudia ngoma za mwezi mwandamo ikulu. Juma la siku saba lilikuja na kengele ya misheni, na kwa mwanamke wa shambani siku ya saba ilimpunguzia jembe ikamwongezea sufuria. Walokole nao, na mikesha yao, hawakuwa walimu wazuri wa kulala. Walichohubiri kutoka Mathayo 11 ni kupumzika kutokana na kuficha. Aliyekwisha kusema yote hana la kulinda usiku.

Ukarimu nao ulipata mhubiri wake miaka ya ujamaa, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyekwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa ili kushirikiana mali kusibaki mimbarini.

Leo ukarimu una siku yake, sikukuu ya mavuno. Mikungu ya ndizi, maharage, kuku na mayai huletwa kanisani, na baada ya ibada mnada hufanyika nje kwa vicheko. Napenda mnada ule. Mjane mwenye mayai mawili huwa na mahali pake. Lakini sikiliza somo linalohubiriwa: mara nyingi ni Malaki 3, zaka na madirisha ya mbinguni. Zakayo hasikiki. Na katika wilaya za kahawa, Zakayo angeleta tabu, kwa kuwa huku kuna butura: mkulima mwenye shida ya ada au dawa anauza kahawa yake ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anakuja kuvuna. Mnunuzi huyo huyo anaweza kusimama siku ya mavuno, akanunua mkungu mmoja kwa bei ya mitano, akapigiwa makofi. Walokole wa miaka ya 1940 wasingepiga makofi kwanza. Wangemuuliza, mbele ya watu, kahawa ya nani ililipia mkungu ule.